Wazazi tuulize ithibati kabla ya kuuza ng'ombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wazazi wenzangu, vijana waliomaliza kidato cha sita, pamoja na wahusika wa elimu ya juu, juu ya jambo ambalo kila mwaka hurudi vijijini na kila mwaka huacha baadhi yetu wakijuta. Jambo lenyewe ni kuingia chuo kikuu, na hasa vyuo vikuu vya mashirika ya dini. Nitachukua mfano wa vyuo vya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kwa kuwa historia yake ni ndefu, inafahamika, na ina mafunzo mema na machungu pia kwa sisi wa Mkoa wa Kagera.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Murukulazo, Wilaya ya Ngara. Kijijini mwalimu ndiye ofisi ya habari. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi huja na karatasi mkononi, hata wale ambao watoto wao sikuwafundisha. Swali la kwanza huwa ni hili: "Mwalimu, hebu mtazame huyu, chuo atapata?" Nikisita kidogo, hufuata la pili: "Lakini tumesikia vyuo vya makanisa havina masharti makali. Mchungaji akiandika barua, si watampokea?"

Maswali haya mawili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. La kwanza linahusu sifa za mwanafunzi. La pili, ingawa muulizaji hajui, linahusu sifa za chuo. Watu wengi huyachanganya, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

MIZANI NA MHURI WAKE

Wakulima wa kahawa watanielewa upesi. Unapopeleka kahawa yako kwenye chama cha msingi, mambo mawili hutazamwa. Kwanza, kahawa yako inapimwa. Pili, mizani yenyewe sharti iwe imekaguliwa na kupigwa mhuri na Wakala wa Vipimo. Kahawa yako ikiwa nzuri namna gani, ukiiweka kwenye mizani isiyo na mhuri umekwisha ibiwa.

Chuo kikuu ni vivyo hivyo. Sifa za kuingia ni kipimo cha mwanafunzi. Ithibati ni mhuri wa mizani. Mwanafunzi hupimwa na chuo, na chuo nacho hupimwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai, 2005. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, sheria ambayo ndiyo iliyofungua mlango kwa mashirika ya dini na watu binafsi kuanzisha vyuo vikuu nchini.

KKKT haikuchelewa kuingia katika mlango huo. Chuo chake cha theolojia kilikuwa kimeanza mwaka 1947 huko Lwandai, Usambara, kisha mwaka 1954 kikahamia Makumira, karibu na Usa River, Arusha. Mwaka 1996 kanisa likaanzisha Chuo Kikuu cha Tumaini, na Makumira ikawa sehemu yake pamoja na vyuo vya Iringa na KCMC, Moshi. Leo Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinafundisha si theolojia peke yake, bali pia sheria, ualimu, biashara, hata muziki. Chuo cha Iringa nacho kilipevuka na tangu mwaka 2013 kinajitegemea kwa jina la Chuo Kikuu cha Iringa. Wanaosema kwamba vyuo vya dini ni vyuo vya kubahatisha wanakosea sana.

MWANAFUNZI APIMWE VIPI?

Sasa nirudi kwa mzazi na karatasi yake. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza hakipangwi na askofu wala mkuu wa chuo. Kinapangwa na TCU kwa nchi nzima, na chuo cha serikali au cha dini hukifuata. Chuo kinaweza kuongeza masharti katika kozi fulani, lakini hakiwezi kuyapunguza. Barua ya mchungaji, padri au shehe inaweza kueleza tabia ya kijana, lakini haiwezi kugeuza alama ya S ikawa D.

Kiwango chenyewe ni hiki. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu mkuu, au "prinsipo" kama vijana wasemavyo, katika masomo mawili yanayohusiana na kozi anayoomba, na jumla ya pointi za masomo hayo mawili isipungue 4.0. Kwa waliomaliza mwaka 2016 na kuendelea, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Alama ya S ni nusu pointi, nayo haihesabiwi kuwa ufaulu mkuu. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wana hesabu yao, kwa kuwa miaka hiyo alama zilipangwa kwa namna nyingine. Kwao C ni pointi 2, kwa hiyo wanatakiwa wawe na C mbili au zaidi.

Hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri, kwa sababu wengi wetu tumezoea kuuliza "Amepata divisheni ngapi?" na kuishia hapo. Chukua vijana wawili. Wa kwanza amepata C, E na S. Wa pili amepata D, E na E. Wote wawili wana divisheni ya tatu, tena ya pointi 14 kwa hesabu ya Baraza la Mitihani. Wa pili anaonekana hata kuwa mbele, maana amefaulu masomo yote matatu. Lakini ukiwapima kwa kipimo cha chuo kikuu, wa kwanza ana C na E, yaani 3 na 1, jumla 4. Huyo anaweza kuomba, mradi masomo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa na kozi yake. Wa pili, masomo yake mawili bora ni D na E, yaani 2 na 1, jumla 3. Huyo hawezi kuingia moja kwa moja, awe anaomba Makumira, Mlimani au Dodoma.

Zipo kozi ambazo masharti yake yako juu zaidi. Anayetaka udaktari wa binadamu, kwa mfano huko KCMC, lazima awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu kwa ufaulu mkuu, na jumla isiyopungua pointi 6. Hapo hakuna mjadala wala huruma, na mgonjwa yeyote atakubali kwamba ni haki iwe hivyo.

MLANGO HAUJAFUNGWA

Je, yule kijana wa D, E na E arudi kulima tu? La hasha. Anaweza kusoma stashahada katika fani anayoipenda, kisha akaomba shahada akiwa na GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia alama ya D. Anaweza pia kusoma kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambako nako hutakiwa kupata GPA ya 3.0. Kozi hiyo humfaa mwenye angalau pointi 1.5 katika masomo mawili ya kidato cha sita, naye anazo tatu.

Walimu wenzangu wa shule za msingi nao wananiuliza sana habari za kujiendeleza. Jibu ni kwamba mwenye cheti cha ualimu peke yake haruki moja kwa moja hadi shahada. Hupitia stashahada, na mwenye stashahada ya ualimu anatakiwa awe na wastani wa B. Ipo pia njia ya kutambuliwa ujuzi uliopatikana kazini, ambayo ina mtihani wake na hutaka alama ya B+ au zaidi. Si njia ya mkato kama wengine wanavyodhani.

Na kwa kuwa sisi wa Ngara tunapakana na Rwanda na Burundi, wapo watoto wetu waliosoma sekondari ng'ambo ya Rusumo au Kabanga. Hao wasisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Wapeleke vyeti vyao mapema Baraza la Mitihani la Tanzania vilinganishwe na vya hapa nchini, maana bila ulinganisho huo maombi yao hayataendelea.

Wako watakaosema masharti yamekuwa mengi mno. Wazee wetu watakumbuka kwamba hata zamani mlango haukuwa mpana. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana hakutoka shuleni kwenda chuo kikuu. Ilimpasa kwanza afanye kazi kwa miaka miwili hivi na apendekezwe na mahali pake pa kazi na chama. Utaratibu huo uliachwa baadaye. Masharti hubadilika kila wakati, ndiyo maana anayekushauri kwa habari za mwaka aliomaliza yeye anaweza kukupoteza bila kukusudia.

JINA KUBWA SI ITHIBATI

Nimesema juu ya kahawa. Sasa niseme juu ya mizani. Hapa ndipo penye machungu ya Kagera.

Mkoa wetu ulipata kuwa na vyuo vikuu vishiriki viwili vya makanisa mjini Bukoba. Kimoja kilikuwa cha KKKT, chini ya Tumaini Makumira, kikiitwa Josiah Kibira. Cha pili kilikuwa cha Kanisa Katoliki, kikiitwa Kardinali Rugambwa. Majina hayo si madogo. Askofu Kibira, mtoto wa Kagera, mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, na uchaguzi wenyewe ulifanyika Dar es Salaam. Laurean Rugambwa, naye wa Kagera, aliteuliwa kuwa kardinali mwaka 1960 na kuweka historia katika Afrika nzima.

Mzazi wa Ngara, Biharamulo au Muleba akisikia majina hayo hawezi kuuliza swali la pili. Tena Bukoba ni karibu kuliko Arusha. Hata hivyo, mwezi Julai mwaka 2017, TCU ilipotangaza vyuo na vituo 19 vilivyozuiwa kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/2018 baada ya ukaguzi wa ubora, vyuo vyote viwili vya Bukoba vilikuwamo katika orodha hiyo. Kituo cha Mbeya cha Tumaini nacho kilikuwamo. Leo vyuo hivyo viwili vya Bukoba havimo tena miongoni mwa vyuo vinavyodahili.

Sisemi haya ili kuyabeza makanisa. Katika orodha ile vilikuwamo pia vyuo visivyo vya dini, na matawi ya vyuo vya nchi jirani. Wala Makumira yenyewe haikufungwa. Inaendelea na kazi yake. Ninachosema ni kwamba ithibati hairithiwi kwa jina. Chuo mama kuwa na ithibati hakumaanishi kwamba kila tawi lake ni salama, na chuo kuwa na ithibati hakumaanishi kwamba kila kozi yake imekubaliwa. Mwaka ule ule wa 2017 TCU ilizuia pia kozi 75 katika vyuo vingine 22 ambavyo vyenyewe viliruhusiwa kuendelea. Maana yake, kijana aliweza kuingia chuo kizuri na bado akaangukia kozi isiyoruhusiwa.

Mhuri wenyewe nao haugongwi siku moja. Chuo kipya huanza na leseni ya muda, kisha hukaguliwa hatua kwa hatua: walimu wake wana elimu gani na ni wangapi, vitabu viko wapi, maabara ikoje, mitaala imeandikwa vipi, fedha zinatoka wapi. Kwa hiyo mtu akikuambia "Chuo chetu kimesajiliwa", muulize kimefika hatua ipi.

HASARA NI YA NANI?

Pengine msomaji wa mjini ataona mambo haya ni ya makaratasi tu. Huku kwetu si makaratasi. Mzazi mmoja wa hapa aliuza ng'ombe wawili na kuweka rehani sehemu ya shamba la migomba ili binti yake asome chuo kimoja ambacho sitakitaja. Alilipa ada ya mwaka mzima, nauli, godoro na chumba cha kupanga. Mwaka wa pili kozi ikasimamishwa. Chuo kinaposimamishwa TCU husimamia wanafunzi wahamishiwe kwingine, na hilo ni jema. Lakini chuo alikohamishiwa binti yule kilikuwa mbali zaidi na ghali zaidi. Ng'ombe hawakurudi, na rehani bado haijakombolewa.

Madhara hayaishii kwenye ada. Bodi ya Mikopo humkopesha mwanafunzi aliyedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa. Nje ya hapo mzazi anabeba mzigo peke yake. Mhitimu wa sheria atahitaji kupokelewa Shule ya Sheria kwa Vitendo kabla ya kuwa wakili. Mhitimu wa udaktari atasajiliwa na Baraza la Madaktari. Kote huko swali la kwanza ni: ulisoma wapi, na je, panatambuliwa?

Tena tusisahau yaliyotokea tarehe 28 Aprili, 2017, pale Rais Magufuli alipokabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo vyeti vinatazamwa kwa jicho kali, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini kijana aliyesoma kwa jasho katika chuo kisichotambuliwa hakughushi kitu; naye atakuta mlango umefungwa kama mwenye cheti cha bandia. Huyo ndiye ninayemlilia.

USHAURI WANGU

Kwa wazazi na vijana, naomba kabla ya kulipa hata shilingi moja tupate majibu ya maswali manne. Kwanza, je, chuo hiki, na tawi hili hasa tunalokwenda, limo katika orodha ya TCU ya mwaka huu? Pili, je, kozi hii imo katika kitabu cha mwongozo cha mwaka huu? Tatu, je, alama za mtoto katika masomo mawili yanayotakiwa zinafika pointi 4.0, au kiwango cha juu zaidi cha kozi hiyo? Nne, kama ni kazi yenye baraza lake, je, baraza hilo linaitambua kozi? Jibu la "ndiyo" moja likikosekana, fedha zibaki mfukoni.

Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, si kwa mfumo wa pamoja wa TCU ulioanza mwaka 2010. Kwa hiyo mtu anayekuja kijijini na kusema ametumwa na TCU kukusanya majina na fedha za maombi, afikishwe kwa mtendaji wa kijiji aeleze vizuri. Kijana akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, athibitishe kimoja kwa wakati, la sivyo anaweza kukosa vyote.

Kwa wakuu wa vyuo vya dini, ombi langu ni kwamba tangazo linalobandikwa kanisani au msikitini lisiishie kwenye picha ya jengo na neno la baraka. Liandikwe wazi: chuo kiko hatua gani ya ithibati, na kozi zipi zimekubaliwa na TCU. Na viongozi wetu wa dini, ambao waumini huwaamini kuliko gazeti na redio, wasisome tangazo lolote la chuo mbele ya waumini kabla ya kuuliza hayo.

Kwa TCU nina ombi moja ambalo naliona ndilo kubwa. Kila mwaka mnatoa kitabu cha mwongozo chenye kila kitu nilichoeleza hapa na zaidi. Kitabu hicho ni kizuri. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, tena kinapatikana kwenye mtandao. Mlipa ada wa Murukulazo hasomi Kiingereza, na simu yake ni ya tochi. Anayeuza ng'ombe ndiye asiyeweza kusoma masharti ya kitu anachonunua! Nashauri utolewe muhtasari kwa Kiswahili, kurasa chache tu, wenye orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa na vilivyozuiwa, na kiwango cha alama kwa mifano. Ubandikwe katika kila ofisi ya kata na kila shule ya sekondari mara tu matokeo yanapotoka. Redio zetu pia, kama Radio Kwizera iliyoanzishwa hapa Ngara mwaka 1995, ziusome jioni, wakati watu wametoka mashambani. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ng'ombe wanaopotea.

Nchi yetu inahitaji vyuo vya serikali na vya dini vyote pamoja. Watoto ni wengi na nafasi ni chache. Anayesisitiza ithibati si adui wa vyuo vya dini. Ndiye rafiki yao wa kweli, maana chuo kinachokaguliwa na kupita hujenga jina lisilohitaji kutetewa. Kwetu sisi wazazi, kuuliza si utovu wa adabu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kulipa bila kuuliza ni hasara.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Murukulazo, Ngara.